Nyongeza ya Fundi Lehemu

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari ambalo hakuna anayekumbuka liliishia wapi. Kimeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi na saluni ya kinyozi, na springi yake moja imetoboa ngozi, kwa hiyo mahali pale huachiwa mgeni asiyejua. Juu ya mlango wa fundi pameandikwa kwa rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Fundi mwenyewe watu wote humwita Lehemu, maana ndiyo kazi yake tangu ujana: sufuria lililotoboka, redio iliyokatika waya, birika linalovuja, vyote vikifika mikononi mwake vinazibwa. Asubuhi hiyo hakuvaa aproni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, akakaa benchini amepakata kisanduku cha plastiki cha kubebea chakula, na uso wake ulikuwa umefunguka kiasi kwamba mtu ukipita lazima uulize kuna nini.

— Leo kuna posa? — aliuliza Wakili. Huyo ndiye kinyozi, na jina alipewa kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa kwa hoja, hata siku aliyomkata mteja sikio.

— Kuna kubwa kuliko posa — alisema Lehemu. — Binti yangu anakuja kunichukua. Tunakwenda chuoni kwao, mimi na yeye.

— Wewe chuoni? Kusoma nini?

— Kushuhudia. Kazi hii mnayoiona nimeipakata ni ya kwake, na mkono wangu umo ndani.

Alifunua kisanduku. Ndani, juu ya pamba, vililala vibao vinne vyembamba, kila kimoja kidogo kama kiberiti. Kila kibao kilikuwa na shaba iliyokatwa umbo la yai, na chini yake kichwa kidogo cha kuunganishia waya, kimesimama wima, lehemu yake inang'aa. Shingo zote zikainama. Hata Mama Birika, aliyekuwa na jiko lake la kahawa pale pembeni, aliacha kupuliza makaa akaja kuchungulia.

— Hirizi — alikata shauri Wakili.

— Antena.

— Antena naijua mimi, shemeji. Inakaa juu ya paa, na kunguru wanaijua.

— Hiyo ya kunguru ni ya zamani — aliingilia Satelaiti. Huyu ni mlinzi wa ghala, hutoka zamu asubuhi na habari za dunia nzima, kwa sababu usiku kucha anazungumza na redio. — Zamani antena zilikuwa ndefu kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakipita juu. Siku hizi yamejaa mpaka chini, yanatugonga magotini. Sasa antena ndefu ya nini?

— Penye nia pana njia — alisema Wakili.

— Nia inaingiaje hapo? — aliuliza Mama Birika.

— Inaingia kwa upana. Usinikate.

Lehemu aliwaacha wabishane kidogo, maana alikuwa na utamu mdomoni na hakutaka uishe haraka. Kisha akawaeleza kama alivyoelezwa. Antena ya kawaida, alisema, ni kama mtu mwenye kituo kimoja cha redio, hasikii kingine. Hizi za binti yake zinasikia masafa mapana, kuanzia mazito hadi membamba, yote kwa mpigo, na bado ni ndogo za kutosha kuingia mfukoni. Ukiziweka karibu na mwili zinabisha hodi ndani ya nyama, hodi nyepesi isiyoumiza, halafu zinasikiliza nani kaitika. Nyama nzuri inaitika kwake, uvimbe unaitika kwake. Kwa mwitiko huo unapatikana mchoro. Na antena hizohizo zikimaliza kupiga picha zinaituma hewani, bila waya, mpaka kwa daktari.

— Ngoja hapo — Satelaiti alikaa vizuri. — Inaona na inazungumza? Yote mawili?

— Yote mawili.

— Basi mwisho wa dunia umefika, na mimi sijapanda kitanda. Ukimwekea mtu kitu hicho tumboni, ini lake litapiga simu lenyewe.

— Limpigie nani? — aliuliza Wakili.

— Moyo.

— Moyo na ini ni majirani. Simu ya nini, si litagonga ukuta tu?

— Figo basi. Figo ziko mbali.

— Figo ziko mbili, bwana. Ikipokea moja, ya pili itanuna. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Birika alisema methali hiyo haikuwa na kazi pale. Wakili akamjibu kwamba methali ni kama mteja, ikishakaa kwenye kiti huifukuzi. Satelaiti naye alikuwa ameshapaa. Alisema muda si mrefu vibao hivyo vitashonwa kwenye kola za mashati, na wewe ukipita njiani tumbo lako linatangaza ulichokula, na ukisema uko njiani kumbe hujatoka kitandani, mgongo wako wenyewe utatoa taarifa.

— Mimi nitavaa shati la bati — alisema Wakili.

— Bati atakutengenezea nani?

Wote wakamtazama Lehemu, na Lehemu akacheka mpaka akalazimika kufunika kisanduku ili mate yasiruke. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajacheka hivyo. Kazi yake ilikuwa inakufa na yeye alikuwa anaiona ikifa: sufuria likitoboka siku hizi linatupwa, redio ikinyamaza inatupwa, na vijana wakipita pale kibandani huuliza tu kama anachaji simu.

— Sasa mkono wako umeingiaje humo? — aliuliza Mama Birika. — Maana mtoto kasoma yeye.

Swali hilo ndilo Lehemu alilokuwa akilingoja. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

— Hivi vichwa vya waya, mnaviona? Fundi wa kule maabara ndiye aliyevishika mara ya kwanza. Vikatoka kama kinyesi cha njiwa. Wakubwa wakamwambia binti, wiki hii tunapima, ukileta uchafu huu nafasi anapewa mwingine. Akawaambia, nitaleta safi. Wakamuuliza, utampata wapi mtu wa kufanya kazi ndogo hivi? Akasema, nina baba.

Hata Wakili alitafuta methali akaikosa.

— Leo zinapimwa — aliendelea Lehemu. — Zikifaulu zinaingia kwenye kifaa kitakachojaribiwa hospitali, kile cha kutafuta vivimbe matitini mwa kina mama kabla kidole hakijaweza kuvigusa. Zisipofaulu, kazi yake yote inawekwa kabatini.

— Zitafaulu — alisema Mama Birika, na akammiminia kikombe kingine bila kuulizwa.

— Zitafaulu, na nitawaambia kwa nini. — Lehemu alishusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya kabila. — Nimeweka nyongeza.

Mama Birika alirudi nyuma hatua.

Ana sababu. Nyongeza ya Lehemu inajulikana mtaa mzima. Ukimpelekea kitu akitengeneze mahali pamoja, hukirudisha kimetengenezwa na pengine, bure, kwa mapenzi. Mwaka jana Mama Birika alimpelekea birika lenye mdomo uliopinda. Lehemu akaunyoosha mdomo, kisha akaona kitundu kidogo kwenye mfuniko, akakiziba. Kumbe kitundu kile ndicho mvuke hutokea. Asubuhi yake mfuniko uliruka, ukapita juu ya kichwa cha mteja aliyepakwa sabuni ya kunyolea, ukavunja kioo cha Wakili. Mama Birika alikitoboa upya kwa msumari na hajasahau.

— Nyongeza gani, Fundi? — aliuliza taratibu.

— Hawa watoto wa chuo wanakata shaba kwa mashine, na mashine haina macho. Nilipomaliza vichwa nikaviangalia vibao kwa kioo cha kukuzia. Nikaona hapa kwenye yai la shaba kuna ufa. Mwembamba, umepinda kidogo kama kipande cha ukucha. Sasa mimi nimwache mwanangu apeleke kitu chenye ufa mbele ya wakubwa? Nimeandika nini pale juu ya mlango?

— Mimi ndiye niliyeandika — alikumbusha Wakili.

— Nikaujaza lehemu, nikasugua, nikang'arisha. Vyote vinne. Tafuteni mnionyeshe ulipokuwa.

Wakatafuta, hawakuuona. Satelaiti alisema kazi kama ile angeiona kwenye chombo cha angani tu. Wakili alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyempinga. Lehemu alikaa pale amezungukwa na sifa na mvuke wa kahawa, na angekufa dakika ile angekufa ameridhika.

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hawakumjua, ameshika sufuria lililofungwa kwa kitambaa. Akauliza fundi ni nani, akaonyeshwa, akaambiwa asubiri kidogo maana fundi anasherehekea. Akakaa kwenye springi, akainuka, akakaa pembeni yake. Kwa vile alikuwa mtu wa adabu na alikuta mazungumzo yanaendelea, aliomba naye aone. Lehemu akamwonyesha, akamsimulia habari ya ufa tangu mwanzo, na safari hii ufa ulikuwa umeongezeka urefu.

Yule mama akavitazama vibao, kimoja baada ya kingine.

— Hongera, baba — alisema. — Na vyote vinne vilipasuka mahali pamoja?

— Palepale — alisema Lehemu kwa furaha. — Pasipo kupungua hata unywele.

Neno lilimtoka, likabaki linaning'inia. Furaha yake ilifika mwisho wa sentensi ikakuta hakuna pa kukanyaga.

— Ni ile shaba — Wakili alijitosa kumwokoa. — Shaba ya bamba moja ni ndugu. Akiugua mmoja, wote wanaugua.

— Au panya — alisema Satelaiti. — Panya ana meno yaleyale kila siku, hawezi kung'ata tofauti.

— Panya anayekula shaba?

— Wa chuoni. Wamesoma.

— Au vilianguka kutoka meza moja — alisema Wakili.

— Vikaangukia ufa mmoja? — aliuliza Satelaiti.

— Umoja ni nguvu — alimalizia Wakili, lakini sauti yake haikuwa na nguvu yoyote.

Mama Birika aliunyanyua mfuniko wa birika lake, akaugeuza upande wenye kitundu, akamwekea Lehemu mapajani.

Lehemu aliutazama mfuniko ule, akatazama vibao. Hakukuwa na ufa wowote. Mwanawe alikuwa amekata mwanya ule makusudi, mara nne, kwa kipimo, na yeye alikuwa amekwenda kwa mbwembwe zake akauziba. Aliona wakubwa wakivipachika vibao kwenye mashine yao, mashine ikikataa, na binti amesimama pale katikati ya chumba, aliyewaambia nina baba.

— Anafika saa ngapi? — aliuliza Mama Birika.

— Sasa hivi.

— Basi umekaa unangoja nini?

Lehemu aliruka. Aliingia kibandani, akachomeka chuma chake cha umeme, akangoja kipate moto. Kikabaki baridi kama samaki. Akabonyeza swichi ya taa, taa nayo kimya.

— Umeme umekatika — alitangaza Satelaiti, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Kilibaki chuma cha baba yake, kile kidogo cha mpini wa mbao kinachopashwa motoni. Mama Birika hakungoja kuombwa. Aliliondoa birika jikoni, akaliweka chini kwenye vumbi, akalikabidhi jiko. Mteja aliyekuwa amenyoosha kikombe chake aliambiwa kahawa imeahirishwa. Wakili alileta taulo la saluni akapepea makaa mpaka majivu yakamjaa ndevuni. Satelaiti alipewa kazi aliyosomea, kulinda, akasimama kwenye kona kutazama kama binti anakuja, na mama mgeni akashikilia kioo cha kukuzia juu ya meza.

Lehemu alivua shati jeupe. Alikata kipande cha waya wa shaba uliosukwa, ule unaonyonya lehemu iliyoyeyuka kama utambi unavyonyonya mafuta, akaulaza juu ya mwanya uliozibwa, akagusa na chuma. Ukikizidisha moto kile kibao, shaba inabanduka na basi. Ukiupunguza, lehemu haitoki. Alihesabu kwa pumzi, akainua. Mwanya ukaonekana, mweusi, mwembamba, umepinda vilevile. Alipuliza, akakwangua pembezoni kwa sindano.

— Kimoja — alinong'ona Wakili.

— Usihesabu, unaniroga.

Akafanya cha pili. Makaa yakapoa, wakapepea tena. Cha tatu kilimtesa, ncha moja ya mwanya ilikataa kufunguka, na alikuwa akisema nacho chini kwa chini kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Kilipofunguka, yeye na mama mgeni walishusha pumzi pamoja.

— Anakuja — Satelaiti alirudi akikimbia. — Amebeba mkoba, anatabasamu. Nimzuie? Nimwambie kuna hatari?

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo wote walifanya kitu. Wakili alijilaza mlangoni akidai mgongo unamuuma. Mama Birika alimimina kahawa ambayo haikuwepo. Satelaiti alianza kumweleza binti habari za hali ya hewa kuanzia ncha ya kaskazini. Binti aliwaamkia wote kwa heshima, akamruka Wakili, akamkuta baba yake kifua wazi, chuma cha moto mkononi na kibao cha nne mezani.

— Shikamoo, Baba. Mbona hujavaa?

— Marahaba, mama. — Alikitua chuma. Angeweza kusema alikuwa anapangusa vumbi, na Wakili alikuwa akimpa ishara aseme hivyohivyo. — Mwanangu, ulinituma vichwa vya waya nikavitia. Halafu nikaona huu mwanya wako nikauita ufa, nikauziba. Vyote vinne. Vitatu nimevifungua. Hiki bado. Nimekuharibia, na nilikuwa nimekaa hapo nje najisifu.

Binti alichukua kioo cha kukuzia. Alitazama kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, muda mrefu. Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafumba macho.

— Ule mwanya ni wa nini, mama? — aliuliza Lehemu. Ndilo swali alilopaswa kuuliza tangu mwanzo, na lilimtoka kwa aibu.

— Ni wa kuziba sikio, Baba. Antena yangu inasikia masafa mapana, ndiyo sifa yake. Lakini katikati ya masafa hayo kuna mahali intaneti za majengo yote zinapiga kelele. Mwanya unazikataa zile kelele, unaacha mengine. Ukiuziba, sikio linazibuka, zinaingia zote, na picha inakuwa ukungu mtupu.

— Kwa hiyo niliziba ili nizibue.

— Ndiyo.

— Asiyesikia la mkuu — alianza Wakili kutoka chini, Mama Birika akamwekea taulo mdomoni.

Lehemu alikishika tena chuma. Kilikuwa kimepoa, akageuka kuomba makaa.

— Acha, Baba — alisema binti.

— Nitakifungua, nipe dakika mbili.

— Hicho kiache kilivyo. — Alikuwa amefumbua macho na kitu kilikuwa kinamchekesha. — Mkuu wangu kila tukikutana ananiuliza, utanithibitishiaje kwamba ni mwanya huo ndio unaozuia kelele, na si bahati yako? Na mimi namwonyesha michoro, na yeye anatikisa kichwa. Leo nitampimia vitatu vyenye mwanya, halafu nitampimia hiki, ndugu yao kabisa, kilichozibwa vizuri namna hii. Kelele ziingie, azione kwa macho yake.

— Na hivi vitatu? Vitafanya kazi?

— Mashine itatuambia. Kwa macho yangu ni visafi kuliko nilivyovikata.

Lehemu alijifanya anatafuta shati. Mama mgeni alikuwa amelishika muda wote huo, lisipate majivu. Alimvika kama mtoto, na Satelaiti akaanza kusimulia barabarani kwamba fundi wao ameitwa chuoni kutoa ushahidi. Mama Birika aliliinua birika lake kutoka kwenye vumbi, akaligeuza, likatoa tone moja. Akasema kahawa imekwisha na mtu asimuulize.

— Tunachelewa, Baba.

— Dakika. Nina mteja.

Alimgeukia mama mgeni, akalifungua sufuria lake kutoka kwenye kitambaa. Mkono mmoja ulikuwa umelegea, unacheza. Na kwenye kitako kulikuwa na matundu, mengi, yamejipanga. Vidole vya Lehemu vilikwenda vyenyewe kwenye lehemu. Binti aliviona, Mama Birika aliviona. Vidole vikasimama.

— Mama — alisema — haya matundu ulitoboa mwenyewe?

— Mwenyewe, kwa msumari. Nachujia. Nimeleta mkono tu.

— Mkono tu — alirudia Lehemu, akaliweka sufuria rafuni kwa adabu kubwa. — Jioni utaukuta.

Akatoka na binti yake, kisanduku wamekishika wawili, huku na huku. Nje ya mlango alisimama, akainua macho kwenye maandishi mekundu, akamwita kinyozi.

— Wakili, rangi ile imebaki? Niongezee neno moja pale juu.

— Neno gani?

— Uliza.

Wakili alijikung'uta majivu, akayapima maandishi kwa jicho moja.

— Nafasi ni finyu, shemeji. Niliweke kabla ya ukuta au baada?

— Kabla ya kuziba — alisema Lehemu.